Rejista yangu hupungua kila kaskazi ikivuma

SWALI

Assalaam alaikum. Mimi ni mwalimu wa darasa, gredi ya 8, katika shule moja ya kutwa kisiwani Pate. Januari nilifungua rejista na wanafunzi 41. Sasa ni wiki ya nane na ninaowaona ni 33 au 34. Waliopungua ni wavulana saba na msichana mmoja.

Kati ya wavulana, wanne huja siku tatu nne kisha wakatoweka. Watatu hawajaonekana tangu mwanzo wa Februari. Wako baharini na ndugu zao, wanazamia kamba. Mmoja wa hao watatu alikuwa mzuri sana wa hisabati. Alirudi mara mbili, na mara zote mbili alichapwa gwarideni mbele ya wenzake. Baada ya hapo hakurudi tena. Nilipokutana na babake njiani aliniambia, "Bahari haina ada, mwalimu." Msichana ana miaka 15. Mamake amekwenda kufanya kazi Lamu mjini, na yeye ndiye anayelea wadogo zake watatu.

Mwalimu mkuu anataka niandike majina yapelekwe kwa chifu. Nahofia wazazi hawatanifungulia mlango tena. Wenzangu wanasema tualike mgeni aje awape watoto hotuba. Mimi nina vipindi 30 kwa wiki, na muda wa kupoteza sina. Nianzie wapi? Na hao watatu, je, ndio wamekwisha potea?

Mwalimu wa darasa, Lamu Mashariki

JIBU

Waalaikumu ssalaam, mwalimu.

Hawajapotea. Mtoto aliyerudi mara mbili kwa miguu yake mwenyewe, tena akijua kuna fimbo inamngoja, anaitaka shule kuliko wengi wanaokaa darasani kila siku. Kilichomshinda ni mapokezi. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza iko ofisini kwa mwalimu mkuu, kabla hujakanyaga baraza ya mtu yeyote. Mkubaliane kwamba anayerudi hachapwi, hapigishwi magoti, wala hatajwi gwarideni. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 kimekataza adhabu ya viboko, hivyo humwombi mwalimu mkuu hisani. Na sababu ya kutangulia ofisini ni hii: ukimshawishi mzazi amrudishe mtoto, kisha mtoto akachapwa asubuhi ile ile, neno lako litakuwa limekwisha thamani katika nyumba ile na nyumba zote za jirani. Pate ni kisiwa, habari haichukui siku kufika.

Sasa rejista. Wewe umehesabu waliopungua, jambo ambalo wengi hawalifanyi, lakini rejista inajua mengi kuliko hesabu. Chukua karatasi ya miraba, majina yakae ubavuni, siku za shule juu. Kila siku mtoto asiyokuja, tia nukta. Kisha chini ya kila siku andika tarehe ya mwezi mwandamo. Nukta zikikusanyika siku tatu hadi tano kuzunguka tarehe mosi na tarehe 15, ujue ni bamvua: maji yanatoka sana, miamba inabaki wazi, na mtoto yuko huko na pweza. Huyo hajaacha shule. Ana kazi inayorudi kila wiki mbili, na bila shaka hao wanne wako baadhi yao ni wa namna hii. Nukta zikiwa mfululizo, na mtoto akaonekana Ijumaa tu, siku ambayo vyombo vingi havitoki, basi ameingia katika chombo cha mtu na ana fungu lake. Nukta zinazoanza siku moja au mbili baada ya barua ya michango zinahusu pesa. Anayekuja asubuhi na kukosekana alasiri, tazama njaa kwanza. Na yule anayekosa siku za mtihani wa darasa peke yake, huenda hajui kusoma na anaificha aibu yake.

Shughuli hiyo itakuchukua saa mbili. Bila hiyo utawapa watoto wanane dawa moja kwa maradhi matano.

Watafiti wa mambo haya huhesabu kwamba mwanafunzi aliyekosa asilimia 10 ya siku za shule tayari yuko hatarini. Katika muhula wa wiki 13 wenye siku 65, hizo ni siku saba tu, na siku saba zinapita bila mtu kushtuka. Robert Balfanz na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa gredi ya 6 mjini Philadelphia, Marekani, na mwaka 2007 wakachapisha matokeo: mahudhurio chini ya asilimia 80, kufeli hisabati, kufeli somo la Kiingereza na kusimamishwa shule kwa utovu wa nidhamu vilitosha kuwatambua mapema kiasi cha asilimia 60 ya watoto ambao baadaye hawakuhitimu. Mapema maana yake ni miaka mingi kabla hawajaondoka. Basi usingoje siku saba. Siku mbili mfululizo bila habari, au siku tatu katika mwezi mmoja, ziwe ndio alama yako ya kutuma mtu nyumbani.

Nasema kutuma, kwa sababu mwenye vipindi 30 hawezi kuzunguka nyumba nane kila wiki. Tafuta watu wawili. Mmoja awe mzazi kutoka bodi ya shule, mtu wa mtaa ule ule. Wa pili awe maalimu wa chuo, yaani wa madrasa ya Kurani. Wavulana wengi wanaoacha shule hawaachi chuo, maalimu bado anawaona jioni na bado wanamheshimu. Shule nyingi humsahau mtu huyu, na kwa Lamu ni kosa kubwa. Mwendee, mweleze, mpe majina matatu tu, si manane.

Ziara yenyewe ifanyike chombo kimeshafika na samaki wameshauzwa. Baba aliyekesha baharini hazungumzi vizuri kabla ya kulala, na saa za kurudi hufuata maji, kwa hiyo uliza kwanza. Nendeni wawili, msizidi. Msibebe barua. Bebeni daftari la mtoto, mumwonyeshe babake alama alizopata. Swali la kuanzia lisiwe "kwa nini haji shule", maana hilo linamweka mzazi kizimbani. Ulizeni: siku ya kwanza aliyokosa, kulikuwa na nini? Jibu litakuja lenye umbo: nyavu zilikatika, mama aliugua, alikosa viatu, alichekwa. Kisha ulizeni fungu lake linanunua nini.

Hapo ndipo msikilize kwa makini. Pesa za kijana zikinunua simu na suruali, una mazungumzo ya aina moja. Zikinunua unga wa jioni, ni mazungumzo mengine kabisa, na maneno matupu hayatafaa kitu. Ndiyo maana sina imani na hotuba ya mgeni peke yake. Robert Jensen alijaribu jambo la karibu na hilo katika Jamhuri ya Dominika: wavulana wa gredi ya 8 walielezwa mapato halisi ya watu waliosoma, kwa sababu wengi walikuwa wakiyadhania kuwa madogo. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2010, yalionyesha kuwa kwa wastani waliendelea na shule muda mrefu zaidi. Lakini ukiwatenga waliokuwa maskini zaidi, hao habari waliisikia, wakaiamini, na bado hawakuweza kubaki.

Baba aliyekuambia bahari haina ada amekupa hesabu yake, na inafaa uijibu kwa hesabu. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, ndio msimu wa pesa, nao unaangukia muhula wa kwanza. Kusi kikishika, Mei mpaka Agosti, bahari inachafuka, vyombo vidogo vinalala pwani, na hapo ndipo muhula wa pili unapoleta michango yake. Yaani mtoto anaondolewa shule wakati nyumba ina pesa, na anafukuzwa shule wakati nyumba haina. Kalenda ya shule na ya upepo zinapishana, na shule inaweza kulirekebisha hilo kwa gharama ndogo sana. Mwombeni mzazi aweke Sh100 kila wiki kwa wiki 12 za kaskazi, zikae kwa mweka hazina wa chama cha akina mama au kwa mhasibu wa shule, kwa risiti yenye muhuri. Hizo ni Sh1,200 zilizo tayari kusi ikiingia. Mzazi anayetaka kulipa kwa samaki wa chakula cha mchana, akubaliwe, wapimwe kwa kilo na aandikiwe risiti vile vile. Pasipo risiti mpango huu hufa mwaka wa kwanza, kwa sababu mmoja atasema alilipa na kitabu kitasema hakulipa.

Na wakati wa kusi, asiwepo mtoto anayerudishwa nyumbani kwa deni. Kifungu cha 29 cha sheria ile ile kinasema shule ya umma haitozi karo ya masomo, na michango mingine iliyoidhinishwa haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mtoto kuhudhuria. Mnaweza kumdai mzazi. Mtoto abaki darasani.

Kwa chakula, kiwango kinachotumika katika mipango ya chakula shuleni hapa nchini ni gramu 150 za mahindi, gramu 40 za maharagwe na gramu 5 za mafuta kwa mtoto kwa siku. Darasa lako la watoto 41 ni karibu kilo 6.2 za mahindi, kilo 1.6 za maharagwe na gramu 205 za mafuta. Peleka tarakimu hizo kwa bodi badala ya kuomba "chakula" kwa jumla. Kinachokwamisha visiwani mara nyingi si nafaka. Ni maji ya kupikia na kuni, basi yahesabuni tangu mwanzo.

Upande wa pili wa mkataba ni chombo. Nendeni kwa BMU, chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na kwa manahodha, mkiwa na maalimu. Ombi lenu liwe jepesi kutimiza: mtoto wa shule asipande Jumatatu hadi Ijumaa wakati wa muhula, na Jumamosi, Jumapili na likizo apande kama baba yake akitaka. Ukidai aiache bahari moja kwa moja utashindwa, na sidhani hata ni haki, maana huo ni urithi wake na huko ndiko anakojifunza upepo na maji. Ila kuzamia kamba kwa miaka 14 ni jambo jingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia shule, na hakuna baharia atakayekuambia kuzamia ni kazi nyepesi. Nahodha mwelekevu analijua hilo kabla hujalitaja.

Ukitaka kumvuta kijana kwa mbele, mvute kwa njia ya bahari hiyo hiyo. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Chuo cha Bandari Maritime Academy kiko Mombasa. Anayetaka kuendesha boti la abiria hupewa leseni chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Milango yote hiyo inataka mtu anayesoma, anayejua hesabu na mwenye vyeti vyake. Mtu mmoja wa kisiwani aliyepita njia hiyo, akikaa na wavulana saba kwa saa moja, ana faida kuliko mgeni na kipaza sauti.

Sasa siku ya kurudi, ambayo naiona nzito kuliko zote. Kwa kawaida mambo huharibika hivi. Kijana anarudi Jumatatu. Mwalimu wa kwanza anamwuliza daftari, hana. Wa pili anamwuliza alikuwa wapi, darasa linacheka. Alhamisi kuna mtihani, anapata sufuri. Jumatatu inayofuata yuko baharini, na watu wazima wanasema "tulimpa nafasi, hakuitaka." Ili lisitokee, kiti chake kiwepo kabla hajafika, na mwenzake mmoja awe amemnakilia muhtasari wa wiki alizokosa katika daftari jipya. Walimu wote wa gredi ya 8 waambiwe asubuhi ile wasimwulize lolote mbele ya darasa. Wiki mbili za kwanza asitahiniwe. Apewe nusu saa kila siku, kwa siku kumi, ya hisabati tu, kwa sababu masomo mengine unaweza kuyadakia katikati lakini hisabati ya leo imesimama juu ya ya jana. Kwa yule kijana wako mzuri wa hesabu, siku kumi zinatosha.

Wale unaowashuku hawajui kusoma, wapime kabla ya kuwafundisha chochote. Mkae wawili faraghani, mpe aya ya Kiswahili ya kiwango cha gredi ya 2, kisha hadithi fupi. Watu wa Uwezo, mradi unaopima usomaji wa watoto, wametumia kipimo cha namna hiyo nchini kwa miaka mingi: herufi au silabi, maneno, aya, hadithi. Mtoto wa gredi ya 8 anayekwama kwenye aya hana anachokipata darasani siku nzima, na ukimwita mtoro unamwonea. Wakusanye wa kiwango kimoja, hata wakiwa wa gredi tofauti, nusu saa kila siku. Wasikae na watoto wadogo darasani mwao. Kijana wa miaka 14 hatakaa dakika tano kwenye dawati la chekechea.

Baada ya hapo kila mmoja awe na mtu wake. Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kina mpango ulioanza 1990 uitwao Check & Connect, na kiini chake ni rahisi: mtu mzima mmoja anamfuata mwanafunzi yule yule kwa miaka isiyopungua miwili, anatazama mahudhurio na alama zake mara kwa mara, anazungumza naye, na anawasiliana na nyumbani. Kwenu mtu huyo anaweza kuwa maalimu, mpishi wa shule, au kijana aliyemaliza sekondari. Asibebe zaidi ya watoto wanne. Dakika kumi kwa wiki na daftari dogo lenye mambo matatu: siku alizokuja, kilichomkwaza, kilichokubaliwa. Mipango hii hukatika kwa sababu mlezi huacha mtoto akionekana ametulia. Kaskazi ya pili ndiyo itakayoonyesha kama ametulia kweli.

Msichana wako usimweke katika mkumbo wa wavulana. Yeye hakuvutwa na pesa, amefungwa na watoto wadogo. Uliza umri wa kila mmoja. Aliyefika miaka minne au mitano aandikishwe chekechea, na ikiwa iko uwanja mmoja na shule yenu wataongozana. Kwa aliye mdogo zaidi tafuteni shangazi au bibi wa kumshika mpaka saa za kutoka, na mama apigiwe simu Lamu mjini, kwani huenda hajui kwamba binti ameacha. Lakini ukisikia posa inazungumzwa, au kuna mimba, usifanye suluhu peke yako barazani. Ndoa chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, na jambo hilo linakwenda kwa afisa wa watoto au nambari 116, simu ya bure ya msaada kwa watoto. Mwenye mimba anaendelea kusoma, na akijifungua anarudi. Mwongozo wa kitaifa wa 2020 kuhusu kurejea shuleni unampa haki hiyo, pamoja na kuhamia shule nyingine akiona haya.

Kuhusu chifu, mwalimu mkuu hajakosea kabisa, ila ametanguliza hatua ya mwisho. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinamtaka yeye kwanza achunguze kwa nini mtoto haji. Sababu isipokuwa ya msingi, ndipo anampa mzazi ilani ya maandishi na kupeleka ripoti kwa bodi ya elimu ya kaunti. Adhabu ya mzazi anayekaidi ni faini isiyozidi Sh100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ukianza na tishio hilo, kijana atapelekwa kwa mjomba kisiwa kingine na rejista yako itasema "amehama". Itumie kwa mzazi aliyezungumzwa naye mara tatu akakataa, na kwa nahodha anayeendelea kuwapakia. Ziara zenu, zikiandikwa tarehe na majibu, ndizo zitakazokuwa uchunguzi huo unaotakiwa, kwa hiyo kazi haipotei.

Mkiwa majumbani, ulizeni pia cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiyekuwa nacho hukwama wakati wa kusajiliwa kwa mtihani wa gredi ya 9, na wengine huondoka kimya kabla ya siku hiyo. Kuzaliwa kusikoandikishwa ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa kumechelewa na huchukua muda kushughulikiwa. Kadi ya kliniki, vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu vitafutwe sasa hivi. Hapo chifu atakuwa msaada mkubwa kwenu, na wazazi watamwona akija kwa heri.

Mwezi wa Oktoba, matlai, upepo mwanana wa msimu huo, ikiwa bado shwari na kabla kaskazi haijaanza, toa tena ile karatasi ya nukta. Andika majina ya waliokosa siku nyingi mwaka huu, na kando ya kila jina andika wadogo zao walio gredi ya 5, 6 na 7. Hao wadogo ndio wanaofuata kuitwa chomboni. Nyumba zao zitembelewe kabla shule hazijafungwa, na manahodha wakumbushwe wiki hiyo hiyo.